Chumba cha Mhubiri

Bryn Ehedydd,
6 Aprili 1964

Dada yangu Nesta,

Sisi huku wazima, ukiacha mgongo wa Ifor, ambao haujakaa sawa tangu yule fahali mchanga ambane ukutani. Natumaini nawe huko Llandudno mzima, na magoti yanakupa nafasi ya kupanda ngazi zako.

Nakuandikia kwa sababu nimekwama, na jambo lililonikwamisha wewe mwenye nyumba ya wageni unalifanya kila siku bila hata kufikiri.

Mashemasi walikutana Jumatano wakaamua kwamba kushika mwezi kumekwisha. Tangu enzi za babu, kila nyumba yenye chumba cha kufaa ilishika mwezi wake, na Jumapili zote za mwezi huo mhubiri mgeni alilala hapo, akala hapo, na Jumatatu akapelekwa stesheni. Siku hizi wahubiri wana magari. Wanafika asubuhi, wanahubiri mara mbili, wanakunywa chai, na kabla vikombe havijaoshwa wako njiani kurudi kwao. Ifor naye ni shemasi, kwa hiyo alinyoosha mkono kukubali kama wenzake. Kisha akaja nyumbani akakaa jikoni bila kuvua kofia.

Basi chumba cha mbele kimebaki hivyo hivyo, na kitanda chake kikubwa, na hakuna wa kukilalia. Nimefikiria wageni wa kulipa. Maziwa hayatutoshi tena, na Gwilym wetu yuko Coventry anaunda magari na hana mpango wa kurudi kukamua. Mke wa shamba jirani la Tŷ Draw ameweka kibao barabarani na kiangazi chote Waingereza wanapishana mlangoni kwake, na nyumba yake unaijua ilivyo. Nilimwambia Ifor. Alisema, "Chumba cha Mhubiri?" akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Njoo unisaidie, Nesta. Siku moja tu, kabla msimu wako haujaanza. Hujakanyaga nyumba hii tangu tumzike Mama, na kila nikikuomba una ngazi za kupaka rangi. Chumba nakitaka kipendeze, lakini sitakudanganya: hata kama wasingekuja wageni kabisa, ningefurahi zaidi kukuona wewe mlangoni.

Mdogo wako,
Eluned

*

Arfryn, Llandudno,
10 Aprili 1964

Eluned,

Kuja siwezi. Napaka rangi ngazi. Cheka upendavyo, ni kweli, rangi iko kwenye nywele zangu. Lakini tatizo lako linatibika kwa barua, kwa hiyo kaa chini usome.

Toa vitu vyako humo kwanza. Nalijua lile kabati la droo: koti la harusi la Baba, vitambaa vya meza, na nusu ya kanisa. Mgeni akivuta droo akakuta mali ya mwenye nyumba, anaifunga upesi kama mtu aliyefumaniwa, na kuanzia hapo anaishi ndani ya sanduku lake. Droo ziwe tupu, na karatasi safi chini. Weka kiti au benchi la kuwekea hilo sanduku, la sivyo atalitua kitandani juu ya kitambaa chako cheupe, na wewe utaona, na utaugua. Zulia lilaze pale miguu inapotua asubuhi, si katikati ya chumba eti ndipo linapopendeza. Taa iwe mahali mtu anapoweza kuizima akiwa ameshalala. Hanga za nguo zitundike nyingi. Watu wa mjini wanakuja shambani na nguo za kwenda dansi. Maua weka yoyote ya uani, ila yungiyungi usithubutu, yananuka maziko.

Washa moto humo sasa hivi, usingoje wageni. Kile chumba hakijawahi kupata joto la kweli, kimeonja onja tu la Jumamosi jioni. Fungua madirisha mchana, washa moto jioni, mpaka godoro liache kunuka kabati.

Usiwasimamie vichwani wakila. Wala usipotee kabisa kama panya.

Na la mwisho, ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Kabla hujapokea hata senti ya mtu, kalale humo wewe mwenyewe. Mwenye nyumba asiyewahi kulala kwenye kitanda cha mgeni hajui anachouza. Mimi nimelala kila kitanda cha Arfryn, hata kile cha kukunja nyuma ya jiko, ambacho ndicho changu msimu mzima maana chumba changu nakikodisha. Kalale, utajua springi ipi ya godoro inachoma ubavu na dirisha lipi linagonga. Hilo hakuna anayeweza kukuandikia.

Msalimie Ifor na mgongo wake.

Nesta

*

Bryn Ehedydd,
2 Juni 1964

Dada Nesta,

Nilifanya yote. Droo tupu, hanga, benchi, zulia mahali pake. Moto umewaka tangu Aprili mpaka Ifor akauliza kama tunafuga vifaranga humo. Nilitoa mashuka ya kitani ya Mama, yale yenye kona za kudarizi, nikayapiga pasi yakanyooka kama bahasha. Kibao kikawekwa. Na Jumamosi wakaja wageni wetu wa kwanza, Bwana na Bibi Hadley wa Wolverhampton, ndiyo kwanza wameoana, wachanga, wanashikana mikono hata kwenye ngazi. Walikuwa wamekodi wiki nzima.

Waliondoka siku ya pili.

Hawakugombana na mtu. Walisema mama wa yule msichana hajisikii vizuri, na sijui waliambiwa na nani, maana barua haikuja na simu hatuna. Walilipa, wakashukuru, wakasema nyumba ni nzuri sana. Kila mtu anayekimbia kitu husema ni kizuri sana.

Nimejichunguza sioni nilipokosea. Nilipowaona wanakuja nilivua aproni, na Ifor alifunga kola yake ya kanisani na kusimama sebuleni mpaka walipokaa. Niliwawekea chakula sebuleni peke yao, mlango nikaufunga, na vyombo vilikuwa vile vya mstari wa dhahabu ambavyo hata Gwilym hajawahi kuvilia. Ulimi wa ng'ombe, mkate wa zabibu, siagi niliyoichapa mwenyewe. Nilimkataza Ifor kuongea kwa sauti. Tulikula jikoni kwa kunong'ona kama wezi. Jumapili tuliwasalimia, tukaenda kanisani, tukarudi, wakawa wameshafunga sanduku.

Nilichokosa ni kile tu cha mwisho ulichoniambia. Sikulala humo. Nilijaribu, Nesta. Nilikaa ukingoni na nguo zangu zote na viatu mkononi, nikasikia kama Mama ameingia na kuniuliza nafanya nini hapo. Nikasimama, nikalainisha pale nilipokaa, nikatoka. Hatujawahi kukilalia, wewe wala mimi. Kwa nini nianze leo?

Niambie nilikosea wapi. Kuna walimu wawili wa Bolton wameniandikia wanataka Agosti, na nikiwapoteza na hao nitang'oa kibao.

Eluned

*

Arfryn,
5 Juni 1964

Eluned,

Nimecheka mpaka mpishi akaja kuangalia. Maharusi, wiki yao ya kwanza, na ukutani juu ya vichwa vyao bila shaka bado kuna lile andiko la kudarizi linalomwambia mtu kwamba Mungu anaona kila kitu. Maskini yule kijana.

Hukuwatengenezea chumba cha wageni. Umewatengenezea chumba cha mhubiri. Umewaweka sebuleni peke yao na mlango umefungwa, kwa sababu ndivyo anavyoheshimiwa mhubiri, mtu anayehitaji kuwaza mahubiri yake. Ifor amesimama na kola. Nyumba nzima imenyamaza. Mtu wa Wolverhampton akinyamaziwa na nyumba nzima hafikiri anaheshimiwa. Anafikiri kuna maiti.

Hapo nilitaka kuishia, nikaweka kalamu chini, nikapika chai ya watu kumi, na kalamu ikaniita tena. Kwa hiyo sikiliza na hili.

Unaniuliza kwa nini uanze leo kukilalia. Na mimi ninauliza kwa nini hakuna aliyeanza zamani. Mimi na wewe tulibanana kitanda kimoja kwenye kile chumba cha nyuma juu ya jiko, magoti yako mgongoni mwangu, na moshi wa nyama kwenye nywele, na kitanda kikubwa kuliko vyote kimelala kitupu upande wa pili kikimngoja mtu wa Jumapili. Sawa, tulikuwa watoto. Lakini Mama alifua yale mashuka maisha yake yote. Aliyachemsha, akayaanika, akayadarizi kwa macho yaliyokuwa yanakwisha. Na uliponiletea habari kwamba amezidiwa nikaja kwa treni ya kwanza, nilichelewa. Nilimkuta kwenye kitanda kile kile chembamba cha nyuma, chini ya dari ile nyeusi. Nikapita mbele, mlango uko wazi, na kitanda cha mhubiri kimetandikwa upya, kimenyooka, hakina hata mkunjo, maana ulikuwa mwezi wetu na Jumapili inakuja.

Nilizika, nikanywa chai, nikapanda treni. Nina hasira na wewe, Eluned, na nina hasira na Ifor na kola yake, na hiyo ndiyo sababu siji. Si ngazi.

Nesta

*

Bryn Ehedydd,
20 Juni 1964

Shemeji,

Mimi si mtu wa barua, unajua. Mvua si mbaya. Nyasi zitakuwa nzuri mwaka huu tukipata jua la kuzikaushia.

Eluned hajui kwamba naandika. Alisoma barua yako amesimama mezani, akaikunja, akaenda kukamua. Tangu siku hiyo anazungumza na mimi kuhusu chumvi na milango tu. Ameacha kuwasha moto kule mbele.

Ulivyosema juu ya mama yenu sivyo. Mimi ndiye niliyembeba. Eluned alitandika kitanda cha mbele akaniambia, mchukue, mhubiri atalala Tŷ Draw. Nilikuwa shemasi mpya, lakini sikubisha, na nisingebisha. Alikuwa mwepesi sana. Tulimlaza huko na moto tukauwasha. Asubuhi akasema, "Nirudisheni." Eluned akamwomba abaki, alipiga magoti kabisa. Akasema tena, "Nirudisheni." Nikambeba kumrudisha nyuma, na huko ndiko alikofia.

Eluned alitandika upya kile kitanda baadaye kwa sababu hakujua mikono yake aifanyie nini. Ndicho ulichokiona.

Kwa nini mama alitaka kurudi mimi sijui. Eluned anaamini alijiona hastahili kulala pale. Alisikia aibu kukwambia hivyo juu ya mama yenu, na wewe hukuuliza. Sasa umeuliza.

Kola huwa naivaa kwa sababu mgeni ni mgeni.

Ifor

*

Arfryn,
24 Juni 1964

Shemeji Ifor,

Nimepata barua yako. Nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyotumia maneno.

Siamini kwamba Mama alijiona hastahili. Mama alimwambia mhubiri wa Caernarfon mezani kwamba mahubiri yake yalikuwa marefu kuliko mazishi ya mfalme, na akamwongezea viazi. Mtu wa namna hiyo haogopi kitanda.

Mwambie Eluned asiniandikie mpaka alale humo. Simwambii kwa ubaya. Akalale, kisha aniambie Mama aliona nini.

Nesta

*

Bryn Ehedydd,
14 Julai 1964

Dada yangu,

Ifor alinisomea barua yako shambani, kwa sauti, mbele ya ng'ombe, ili nisiweze kuondoka. Baadaye nilimkasirikia siku nzima kwa kukuandikia bila kuniambia, kisha hasira ikachoka yenyewe.

Jana tulikuwa na kazi ya kuvuna nyasi. Majirani wote walikuja kusaidia, nawe unajua jikoni panavyokuwa siku ya nyasi: viatu, jasho, vicheko, kila mtu anataka chumvi kwa wakati mmoja. Niliwapakulia, na kichwa kikaanza kunigonga. Nikamwambia Ifor napanda kupumzika. Nje bado kulikuwa kweupe. Juu ya ngazi miguu ilitaka kwenda chumbani kwetu, nikaigeuza. Nikaingia mbele, nikavua viatu, nikavua na nguo, nikaingia ndani ya mashuka ya Mama kama mtu aliyelipa.

Nakwambia kwanza ya kibiashara. Kitanda kinateremkia ukutani, mtu mmoja ataangukia mwenzake, na sijui maharusi walionaje lakini walimu wawili hawatapenda. Taa niliyoiweka inafikiwa na mtu mwenye mkono mrefu kama wa mpiga tromboni. Kioo kinakuonyesha uso wako ukiwa umelala, na hakuna anayehitaji hilo. Na lile andiko, ndiyo, linamtazama mtu machoni. Nimeona yote haya kabla sijahesabu pumzi zangu, na nimefagia chumba hicho tangu nina nguvu za kushika ufagio.

Kisha nikatulia, nikangoja kusikia watu. Nesta, sikusikia mtu. Jikoni kulikuwa na wanaume wa mashamba manne na Huw Tŷ Draw ambaye akikohoa kondoo wanainuka, na mimi sikusikia hata kijiko. Kuna ule ukuta mnene wa zamani, na ushoroba, na milango miwili. Nilijua nyumba imejaa watu na bado nilijiona nimewekwa kabatini na vyombo vya mstari wa dhahabu. Mhubiri anapata utulivu wa kuwaza. Mimi nilipata upweke, nikaogopa, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, jua likiwa bado dirishani.

Ndipo nikakumbuka maneno yake. Ifor amekwambia alisema, "Nirudisheni." Hakuyasikia yaliyofuata, alikuwa ameenda kuleta kuni. Nilimuuliza Mama kwa nini, na akanijibu, "Huku simsikii mtu." Nilidhani ni homa. Nilidhani ananificha unyenyekevu wake. Nimeishi na maneno hayo miaka yote bila kuyafungua.

Unakumbuka chumba chetu cha nyuma. Sakafu yake ndiyo dari ya jiko. Mle Mama alijua nani ameingia kwa kishindo cha viatu vyake. Siku zile za mwisho alikuwa anagonga sakafu na fimbo kuniambia uji unaungua, na kweli ulikuwa unaungua. Hakuna aliyemnyima kitanda, Nesta, na yeye hakukiogopa. Alikijaribu usiku mmoja, akakiona kizuri, akaamua anatutaka sisi.

Nililia pale mpaka foronya ikalowa, na wa kuifua ni mimi. Kisha nikavaa, nikashuka, na Huw akaniuliza kama nimeota kitu. Nikamwambia nimeota anarudi kwake mapema.

Sasa na mimi nikuulize. Wewe uliyekasirika hivi kwa ajili ya Mama na kitanda, unalala wapi kiangazi chote? Nyuma ya jiko, kwenye kitanda cha kukunja, ili mtu wa Wolverhampton apate chumba chako. Nani anakusikia wewe?

Eluned

*

Arfryn,
3 Agosti 1964

Eluned,

Barua yako niliisomea stoo, katikati ya magunia ya viazi, kwa sababu ndiko mahali pekee ambapo hakuna mtu anayekuja kuomba taulo. Nimekuwa nikiikasirikia nyumba ile kwa kitu ambacho hakikutokea. Nimekukasirikia wewe. Nikijumlisha Krismasi zote ambazo ningekuja, naona uchungu, na sitaki kuzijumlisha. Nisamehe. Nalisema mara moja na usinifanye nilirudie.

"Huku simsikii mtu." Naisikia sauti yake kabisa, na alivyokuwa anaukunja mdomo.

Sasa walimu wako wa Bolton. Weka mbao chini ya miguu ya kitanda upande wa ukutani. Taa unajua. Andiko lihamishe, Ifor achague pa kulipeleka. Na sebule ifunge. Wale wawili uwaweke jikoni, mezani penu, kwenye vikombe vyenu. Si kila mgeni anapenda, lakini waulize, na utawajua kwa jinsi watakavyovuta kiti. Mtu anayekuja kukaa nyumba ya mtu kwa pesa, kwa sehemu kubwa anakodi sauti za watu. Nimefanya kazi hii tangu vita na nilikuwa sijalisema hivyo mpaka leo.

Kwangu kumetulia mwaka huu. Watu wanapanda ndege kwenda Hispania, wanarudi wamebabuka, wanafurahi. Nina vyumba vitupu mwezi wa nane, kwa hiyo usinihurumie na kitanda cha kukunja, ningeweza kulala chumbani kwangu nikitaka. Sijui kwa nini silali. Nimezoea.

Kuhusu kuja, tutaona.

Nesta

*

Bryn Ehedydd,
29 Agosti 1964

Dada Nesta,

Nimesamehe, na silirudii na mimi.

Walimu wamekuja na bado hawajaondoka, ndiyo maana naandika kwa haraka. Bibi Ashworth ni mrefu na anafundisha hesabu, Bibi Pickup ni mfupi na anacheka. Niliwauliza kama wanapenda kula jikoni. Bibi Pickup alikuwa ameshavuta kiti kabla sijamaliza, kiti cha Ifor, na Ifor akasimama pale na kola yake hajui aende wapi. Siku ya pili kola haikuonekana. Siku ya tatu alikuwa anamfundisha Bibi Ashworth kuhesabu kondoo kwa Kiwelisi, na yule mama akamwonyesha makosa kwenye hesabu zake za maziwa. Kiingereza changu unakijua, kinatembea na fimbo, lakini sasa kinatembea.

Lile andiko Ifor amelihamishia jikoni, juu ya kiti chake. Anasema kama kuna anayehitaji kutazamwa ni yeye anapokata nyama.

Lazima nikusimulie Jumapili. Tulikuwa tunatoka kanisani, mashemasi wote na wake zao, tunapanda kilima, na pale penye kona tukaona kwenye ua wetu, upande wa barabara, vazi la kuogelea jekundu limetandazwa juu ya miiba limekauka vizuri. Kitu hakianikwi Jumapili katika mtaa huu, hata kitambaa cha sahani, sembuse kitu kama kile. Mke wa Tŷ Draw akanitazama kwa furaha kubwa. Ifor akatembea mbele yetu wote, akalitoa kwenye miiba kwa vidole viwili, akalikunja vizuri kama kitambaa cha Ushirika Mtakatifu, akasema, "Mgeni wetu amesahau kitu," akaingia ndani. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku ya harusi.

Wameongeza wiki. Wameshakodi na Pasaka. Bibi Pickup anasema usiku wanaacha mlango wao wazi na kuniomba niache na ule wa jikoni, maana wanapenda kutusikia tukifunga nyumba hata kama hawaelewi neno. Kwa hiyo sasa milango yote miwili inashikiliwa na pasi za zamani za Mama, na chumba cha mbele kinatusikia.

Msimu ukiisha chumba ni kitupu. Sisemi zaidi.

Eluned

*

Arfryn, Llandudno,
28 Septemba 1964

Kwa Bibi E. Roberts,
Bryn Ehedydd

Bibi Mpendwa,

Nimesikia sifa za chumba chako kutoka kwa watu wanaoaminika. Ningependa kukikodi kwa mtu mmoja kuanzia Jumamosi ijayo. Mgeni ni mwanamke wa makamo, magoti mabovu, havuti sigara, anaamka mapema. Anaomba kukaa jikoni. Muda wa kukaa hajauamua, kwa sababu nyumba aliyokuwa akiiendesha ameifunga juma lililopita na funguo zimekwenda kwa mtu wa hoteli, jambo ambalo hakumwambia ndugu yake kwa kuwa hakutaka kuonekana anaomba.

Atalipa kama wageni wengine wote. Hilo analisisitiza. Hajawahi kulala bure kitanda cha mtu na hana nia ya kuanza.

Tafadhali nijulishe kama kuna nafasi.

Wako mtiifu,
Nesta Parry

*

Bryn Ehedydd,
1 Oktoba 1964

Kwa Bibi N. Parry,

Bibi Mpendwa,

Tunasikitika kukujulisha kwamba mwezi wa Oktoba chumba hakikodishwi. Mashemasi waliamua wanavyotaka, lakini nyumba hii bado inashika mwezi wake, na wakati wa kushika mwezi hatupokei pesa ya mtu. Anayelala ndani ni mgeni wa nyumba. Miezi ya mbele tutaishika ikifika.

Mashuka ni yale ya kona za kudarizi. Nimeyachemsha jana. Kitanda hakiteremki tena, nimekilalia mwenyewe kuhakikisha, na Ifor naye alikilalia akapitiwa na usingizi mpaka ng'ombe wakamwita. Ukikiona kikubwa mno, chumba chetu cha nyuma kipo na kitanda chake chembamba, ila magoti yangu siyaahidi kwamba yatakaa mbali na mgongo wako.

Popote utakapochagua, milango iko wazi.

Treni inaingia Pwllheli saa kumi. Ifor atakuwa stesheni kukupokea, kama tulivyokuwa tukiwapokea wahubiri. Ameniomba nimpigie pasi kola.

Eluned